Udongo Ulioshiba Dawa: Kuuacha, Kuulisha, Kuuletea Bakteria au Kuchimba Shimo la Kuoshea?

Bondeni Kinyerezi, kwenye bustani ninayolima na wenzangu, kuna kipande cha ardhi kisichozidi ukubwa wa mkeka wa watu wawili. Hapo ndipo tulipokuwa tunachanganyia dawa na kuoshea mabomba, msimu baada ya msimu, kwa sababu ni hatua saba tu kutoka kisimani. Mchicha ukipandwa hapo unaota njano, unadumaa, majani yanajikunja kama yamepitiwa na moto. Siku moja alipita bibi aliyelima bonde lile kabla yetu. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akasimama kupatazama. "Mjukuu wangu," akasema, "hapa hata ndago imekataa?"

Aliyewahi kulima mchanga wa Dar es Salaam anajua uzito wa swali hilo. Ndago unaing'oa asubuhi, jioni imeshatoa ncha. Mahali ilipokataa ndago, pana jambo.

Tangu siku ile nimesoma, nimeuliza mabwana shamba na nimejaribu kwa mikono yangu. Swali ninaloulizwa sana na wakulima wenzangu, kuanzia Bunju hadi Mbagala, ni lilelile: nasikia kuna bakteria wanakula sumu ya dawa kwenye udongo, je, niwanunue, niweke samadi, au niliache tu shamba lipumzike? Njia zilizo ndani ya uwezo wa mkulima wa kawaida ni nne. Nitaziweka sambamba, kwa vichwa vilevile, uone ipi inakaa na hali yako.

Ni kweli wanakula?

Ni kweli. Kijiko cha chai cha udongo wenye afya kina bakteria wa kuhesabiwa kwa mamia ya mamilioni. Kwao, viuatilifu vingi ni kaboni, naitrojeni na fosforasi zilizofungwa pamoja. Mwenye kimeng'enya, yaani kichocheo cha mwilini mwake cha kulifungua fundo hilo, anapata chakula.

Mwaka 1973 watafiti nchini Ufilipino walieleza habari za bakteria waliyemtoa kwenye majaruba ya mpunga yaliyokuwa yakitiwa diazinoni. Akawa miongoni mwa wa kwanza kujulikana kwa kuvunja dawa za jamii ya oganofosfeti, ambayo ndiyo jamii ya dawa nyingi za wadudu tunazopulizia mboga. Miaka ya 1990, huko Minnesota, Marekani, akapatikana Pseudomonas aliyepewa jina la ADP, anayevunja atrazini, kiuagugu cha mahindi, hatua kwa hatua mpaka ikabaki kaboni dioksaidi na amonia. Walimtoa wapi? Kwenye udongo uliokuwa umemwagikiwa na viuagugu.

Naomba hilo ulishike kabla hatujaendelea, maana limebadilisha namna ninavyolitazama shamba langu. Bakteria anayejua kula sumu fulani hupatikana pale sumu hiyo ilipokaa. Mara nyingi yumo shambani kwako tayari, ila ni wachache, wana njaa, na mchanga wetu mkavu hauwapi pa kuishi.

Lakini wana mpaka wao. Bakteria huvunja dawa zilizojengwa kwa kaboni. Madini hayavunjiki. Shaba iliyomo kwenye viuakuvu vya kopa, risasi, kadmiamu na kromiamu zinazoletwa na maji machafu, vyote hubaki vilivyo hata ukiweka bakteria wa dunia nzima. Anayelima kando ya Msimbazi, chini ya maeneo ya viwanda, akijaribu njia hizi atakuwa ameshughulikia nusu ya tatizo lake, na hiyo nusu nyingine inahitaji kupimwa na kuamuliwa peke yake.

Tupime kwa vigezo gani

Kigezo cha kwanza ni jina la sumu. Jina la biashara lililoandikwa kwa herufi kubwa mbele ya chupa halitakusaidia. Tafuta kiambato hai, kile kilichoandikwa kwa herufi ndogo pamoja na asilimia au gramu kwa lita. Kama chupa zilishatupwa, waulize wenzako walikuwa wanapulizia nini, na waulize wengi, kwa sababu kila mtu anakumbuka dawa yake.

Cha pili ni umbo la uchafuzi. Dawa iliyosambaa kidogo kidogo shamba zima ni tatizo tofauti kabisa na dawa iliyorundikana mahali pamoja, kama pale petu, au palipomwagika chupa nzima, au palipokuwa stoo.

Vingine ni muda unaoweza kusubiri bila kuvuna, ukaribu wa kisima na mto, fedha na nguvu za mikono ulizonazo, na kama ardhi ni yako au ya kuazima. Wengi wetu mabondeni tunalima pasipo hati. Mtu hawezi kuwekeza mwaka mzima kwenye tuta analoweza kuambiwa aliondoke kesho, na ushauri wowote usiolitazama hilo unamwonea.

Njia ya kwanza: kuuacha udongo upumzike

*Inavyofanya kazi.* Unaacha kupulizia, na bakteria waliomo wanaendelea na kazi yao kwa mwendo wao. Jua, maji na hewa navyo vinasaidia. Joto la Dar ni neema hapa, kwa kuwa bakteria wengi wa udongo huchapa kazi vizuri kati ya nyuzi 20 na 35, na sisi tuko humo karibu mwaka mzima.

*Dawa inazozimudu.* Zile zenye maisha mafupi. Kila dawa ina kipindi ambacho nusu yake huwa imevunjika. Kama kipindi hicho ni siku 30, baada ya siku 30 inabaki nusu, baada ya 60 robo, baada ya 90 sehemu moja ya nane. Malathioni, dimethoeti na profenofosi kwa kawaida ni za siku chache hadi wiki mbili hivi. Sipamethrini na jamaa zake ni kama mwezi, wakati mwingine miwili. Klorpirifosi hubadilika sana kufuatana na udongo, lakini mara nyingi huwa kati ya siku 10 na 120. Imidaklopridi inaweza kupita miezi sita. DDT ni miaka, na hapo kupumzisha ardhi msimu mmoja ni sawa na kutofanya kitu.

*Muda.* Miezi mitatu hadi sita kwa dawa za kundi la mwanzo.

*Gharama.* Hakuna cha kununua, ila kuna mavuno unayoyakosa. Mchicha unavunwa baada ya wiki tatu au nne. Kulaza tuta miezi mitatu ni kupoteza mikono mitatu ya mchicha, na kwa mama anayelipia ada kwa matuta sita hiyo ni gharama kubwa kuliko gunia lolote la mbolea.

*Hatari yake.* Watu huchanganya dawa kupotea na dawa kuvunjika. Ardhi ikiachwa wazi, masika ya Machi hadi Mei yakaipiga, sumu inashuka na maji kwenye mchanga hadi kisimani, au inaserereka hadi mtoni. Msimbazi unatoka vilima vya Pugu na kuingia baharini pale Salenda, na kinachooshwa Kinyerezi hakijavunjwa. Kimehama tu. Kwa hiyo ardhi inayopumzika lazima ivikwe. Panda marejea au kunde za kufunika, au tandaza nyasi kavu.

*Inamfaa nani.* Mwenye eneo la kuzungusha, anayejua dawa aliyotumia ni ya maisha mafupi, na asiye na haraka.

Njia ya pili: kuwalisha bakteria waliopo

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndiyo njia inayowafaa wakulima wengi ninaowajua, na ndiyo inayoharibiwa kwa urahisi zaidi.

*Inavyofanya kazi.* Mchanga wetu una upungufu mkubwa wa viozo. Bakteria anayeweza kuvunja sumu hawezi kuishi kwa sumu peke yake, anahitaji mlo wa kila siku. Ukimletea mboji, unyevu na hewa, anazaliana, na wingi wake ndio unaovunja dawa. Mboji pia ina kuvu na bakteria wake, nao wanaingia kazini.

Sisi tulifanya hivi. Tulitifua kile kipande hadi kina cha jembe. Tukatia mboji iliyoiva, ndoo moja ya lita 20 kwa kila mita mraba, tukachanganya mpaka udongo ukageuka rangi. Tukamwagilia, tukafunika kwa makuti. Kila baada ya wiki mbili tukafunua, tukageuza, tukapima unyevu kwa mkono. Chota konzi ya udongo, ibane, kisha fungua kiganja. Ikishikamana bila kuchuruzika, unyevu uko sawa. Ikimwagika kama unga, pamekauka. Maji yakipita katikati ya vidole, umezidisha, na bakteria wanaotaka hewa wanakufa. Vaa glovu kwa kazi hiyo, na usiwape watoto.

*Dawa inazozimudu.* Oganofosfeti nyingi, jamii ya sipamethrini na viuagugu kadhaa. Klorpirifosi inavunjika, lakini njiani hutoa kitu kinachoitwa kwa kifupi TCP, ambacho chenyewe huwadhuru bakteria. Ndiyo maana mahali ilipomwagwa nyingi kazi huanza vizuri kisha ikasuasua. Kugeuza udongo mara kwa mara na kuongeza mboji husaidia, lakini usitarajie mwendo uleule wa malathioni. Klorpirifosi yenyewe iliingizwa mwaka 2025 kwenye orodha ya Mkataba wa Stockholm wa kuondoa kemikali zisizooza, kwa hiyo mwenye chupa ya akiba aanze kuizoea mbadala.

Atrazini ina tabia yake. Bakteria wake huivunja ili wapate naitrojeni. Ukimwaga urea nyingi hapo, unawapa naitrojeni ya bure na wanapunguza kasi ya kuigusa atrazini. Palipo na atrazini, tumia mboji yenye nyuzi kavu nyingi, na fosfati kidogo, kuliko mbolea za chumvichumvi za kukuzia.

*Muda.* Miezi miwili hadi mitano kwa dawa za kawaida, ukiwa makini na unyevu.

*Gharama.* Mboji ukitengeneza mwenyewe ni jasho tu. Mabaki ya soko la mboga, majani ya migomba, pumba za mpunga na samadi vinapatikana jijini, mara nyingi kwa nauli ya guta.

*Hatari yake.* Kubwa ni mbolea ya kuku mbichi. Najua kila mtu anaitumia, na mimi nimeitumia. Ikiwa haijaiva inaunguza mizizi na kujaza chumvi, na ukiona mchicha umekufa utasema ni sumu ya zamani kumbe ni ya kwako ya jana. Iache iive kwanza mpaka isinuke na isipate joto ndani. Hatari nyingine haionekani. Viozo huishika dawa kama sifongo. Hilo ni zuri kwa kisima, kwa sababu haishuki. Lakini dawa iliyoshikwa inaweza kuwa bado ipo, imejificha tu, na kuvunjika kwake kukawa polepole. Ndiyo maana kuongeza mboji hakuondoi haja ya kupima.

*Inamfaa nani.* Mwenye matuta machache, anayeweza kusubiri msimu mmoja, ambaye shamba lake lina dawa iliyosambaa au kipande kidogo kilichokolea. Hata mwenye ardhi ya kuazima hapotezi sana, kwa kuwa tuta likishatakasika analo tayari lenye rutuba.

Njia ya tatu: kuleta bakteria kutoka nje

*Inavyofanya kazi.* Unaongeza shambani bakteria waliochaguliwa na kuzalishwa kwa wingi kwa sababu wanajulikana kuvunja sumu fulani. Ni kama kumwita fundi. Anajua kazi moja, na unamwita kwa kazi hiyo.

*Dawa inazozimudu.* Ni zile tu alizosomea. Sphingobium, kwa mfano, wapo wa Japani na wa India wanaovunja lindani na ndugu zake wa HCH, dawa za zamani ambazo udongo wa kawaida unahangaika nazo miaka. Kwa atrazini kuna yule Pseudomonas na pia Arthrobacter. Huko Marekani, kwenye ardhi iliyomwagikiwa atrazini kwa ajali, watafiti walitia seli za bakteria waliokwisha kuuawa lakini bado zimebeba kimeng'enya cha kuvunja dawa hiyo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2000. Baada ya wiki 8 atrazini ilikuwa imepungua kwa asilimia 52. Palipotiwa na fosfati pia, ilipungua kwa asilimia 77. Pasipotiwa kitu haikupungua kwa kiasi cha maana. Tazama vizuri hapo. Fundi alisaidia, lakini fundi pamoja na chakula cha wenyeji walisaidia zaidi.

*Muda.* Wiki kadhaa ikifanikiwa. Isipofanikiwa, umerudi ulipoanzia.

*Gharama.* Ndiyo ghali kuliko zote, na bado utahitaji mboji na maji ya kuwatunza hao wageni.

*Hatari yake.* Wageni wengi hawadumu. Wanaliwa na viumbe wengine wa udongo, wanashindwa na wenyeji, jua la mchanga mtupu linawamaliza. Halafu kuna udanganyifu, na hili linaniuma. Mwanzoni kabisa, kabla hatujajua lolote, tulichangishana tukanunua dumu la lita tano kwenye duka moja la pembejeo mjini. Muuzaji aliapa kwamba bakteria waliomo "wanakula sumu zote". Tulipofungua, harufu ilikuwa ya togwa iliyochacha. Tulimwagilia, tukasubiri wiki sita, mchicha ukaota njano vilevile. Baadaye bwana shamba mmoja aliisoma lebo, akatuonyesha kwamba haikutaja aina hata moja ya bakteria. Vimiminika vya namna hiyo kwa kawaida ni bakteria wa asidi ya maziwa na hamira. Vinasaidia kuiozesha mboji, na kwa kazi hiyo ni vizuri. Lakini hawakuchaguliwa kwa ajili ya kuvunja sumu iliyokuwa mbele yetu.

Kwa hiyo kabla hujatoa shilingi yako muulize muuzaji mambo manne: jina kamili la bakteria, dawa anayoivunja, idadi ya walio hai kwa gramu au mililita, na tarehe ya kuisha muda. Muulize pia karatasi za usajili. Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, TPHPA, ndiyo yenye dhamana ya viuatilifu nchini, na ndiyo ya kuulizia kama bidhaa inajulikana. Asiyeweza kujibu hata swali la kwanza, muage kwa heshima uondoke.

Kuna namna ya kienyeji ya njia hii: kuchota udongo kutoka shamba lililozoea dawa hiyohiyo kwa miaka na kuuchanganya na wako, kwa kuwa humo wamo bakteria waliokwisha kujifunza. Kitaalamu ina mantiki, na imetumika kweli kwenye mashimo nitakayoyaeleza hapa chini. Ila shambani kwako ogopa kubeba mnyauko wa nyanya na minyoo fundo. Umetibu kidole, umeleta ugonjwa wa mwili mzima.

*Inamfaa nani.* Kikundi au mwenye shamba kubwa mwenye majibu ya maabara mkononi, anayejua sumu ni moja na ni ipi, na mwenye mtaalamu wa kumfuatilia. Chuo Kikuu cha Sokoine pale Morogoro si mbali kwa anayetaka kuuliza.

Njia ya nne: shimo la kuoshea mabomba

*Inavyofanya kazi.* Njia tatu zilizotangulia zinatibu. Hii inazuia. Wasweden walianza kuitumia mwanzoni mwa miaka ya 1990, baada ya kuona kwamba sehemu kubwa ya dawa iliyokutwa majini ilitoka mahali pa kujazia na kuoshea mabomba, kuliko shambani kwenyewe. Wanachimba shimo la kina cha kama sentimita 60, chini wanaweka udongo wa mfinyanzi, juu yake mchanganyiko wa nusu majani makavu ya nafaka, robo mboji ya kinamasi na robo udongo wa shamba, kisha nyasi zinaota juu. Maji yote ya kuoshea yanamwagwa humo. Majani makavu huota kuvu weupe, na vimeng'enya ambavyo kuvu hao wanavitumia kuozesha miti ndivyo vinavyovunja pia dawa za aina nyingi. Udongo unaleta bakteria, na mboji inaishika dawa isikimbie kabla hawajaifikia.

Huku kwetu vifaa vinabadilika, kanuni inabaki. Nusu ni mabua ya mahindi yaliyokatwakatwa au nyasi kavu. Robo ni makumbi ya nazi yaliyochambuliwa, badala ya ile mboji ya kinamasi. Robo ya mwisho ni udongo wa bustani yenyewe, na hapo ule udongo uliozoea dawa unafaa sana. Mchanga wa Dar hauzuii maji, kwa hiyo chini tandika nailoni nzito ya bwawa, na juu weka paa la makuti au bati, la sivyo masika yatalijaza shimo siku mbili na kulifurisha nje.

*Dawa inazozimudu.* Nyingi kuliko njia nyingine yoyote hapa, kwa sababu kuvu na bakteria wanafanya kazi pamoja, na maji ya kuoshea yana dawa iliyokwisha kuchujuka. Dawa za kopa haiziwezi. Shaba inabaki humo na kujilimbikiza.

*Muda.* Dawa nyingi huvunjika ndani ya miezi. Mchanganyiko hushuka kadiri mabua yanavyooza, unaongezwa kila mwaka, na baada ya miaka kama mitano hadi minane hutolewa wote, ukalazwa mwaka mwingine ukiwa umefunikwa kabla ya kurudishwa shambani.

*Gharama.* Nailoni na nguvu za siku mbili. Wakulima kumi wanaweza kushirikiana shimo moja, na ugumu wake uko hapohapo: lazima wote wakubali kutembea hadi shimoni.

*Hatari yake.* Kulifanya jalala la dawa iliyobaki. Shimo ni la maji ya suuza. Chupa ya dawa iliyokwisha muda usiimwage humo, utawaua wafanyakazi wako wote kwa mkupuo. Na lisiwe karibu na kisima.

*Inamfaa nani.* Yeyote anayeendelea kupulizia, hata kama ana njia nyingine kati ya zile tatu.

Utajuaje kama udongo umepona

Jaribio la vikopo ni rahisi. Kopo moja la udongo unaoushuku, lingine la udongo safi kutoka mahali pasipopuliziwa, mbegu 20 za mchicha kila kopo, maji sawa, kivuli sawa. Baada ya siku kumi hesabu na linganisha. Kwa viuagugu linasema kweli. Kwa dawa za wadudu linaweza kukudanganya, maana mchicha haujali sana dawa iliyotengenezwa kuua mdudu.

Kwa dawa za wadudu watumie nyungunyungu. Chukua beseni, jaza nusu udongo safi na nusu ule wa shaka, weka nyungunyungu kumi katikati, funika kwa siku mbili. Wakikimbilia wote upande mmoja, wamekujibu. Pale kwetu, baada ya wiki sita za mboji, tisa walikuwa upande safi. Mwezi wa tano tangu tuanze kutia mboji walikuwa sita kwa wanne, na pembezoni mwa kile kipande ndago ilikuwa imetoa ncha tatu. Sijawahi kuifurahia ndago namna ile.

Lakini chakula cha watu hakiamuliwi na nyungunyungu. Kabla ya kuuza mboga kutoka mahali palipokolea, chota udongo sehemu kumi, kina cha sentimita 15, changanya, na upeleke sampuli moja maabara. Mkemia Mkuu wa Serikali ana maabara hapa Dar, na TPHPA wanazo zao Arusha. Kupima dawa moja uliyoitaja jina ni nafuu kuliko kusema "nipimieni sumu zote", na hapo ndipo ile kazi ya kuokota chupa na kuuliza wenzako inapolipa.

Kwa hali yako

Kama unapulizia mchicha, figiri na matembele kwa dawa za maisha mafupi, na hakuna mahali palipokufa, huna sababu ya kununua bakteria. Zungusha matuta, vika yanayopumzika, tia mboji kila mkono, na heshimu siku za kusubiri kabla ya kuvuna zilizoandikwa kwenye lebo.

Kama umekodi shamba la msimu mmoja, fanya mboji na jaribio la vikopo kabla hujapanda. Mbegu za vikopo zikikataa, hama tuta mapema kuliko kupoteza mbegu.

Kama ulilima mahindi kwa atrazini sasa unataka mboga za majani, wape bakteria mboji yenye nyuzi na fosfati, zuia urea, na anza na mahindi mengine au mtama huku ukipima, maana hiyo ni mimea inayoivumilia. Eneo likiwa kubwa na maabara imethibitisha, hapo ndipo bakteria wa kuletwa wanastahili fedha yako.

Kama ardhi ilikuwa ghala la dawa za zamani, usiiguse kwa jembe. Vikuge, wilayani Kibaha, shehena ya DDT na HCH iliyofika kama msaada mwaka 1986 ililala kwenye ghala lililochakaa hadi ikaingia ardhini, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliendelea kuyakuta mabaki yake miaka mingi baadaye. Ukikuta mahali pa namna hiyo, watoto na mifugo wasipite, na taarifa iende TPHPA au NEMC, baraza la taifa la mazingira. Kwenye mashamba ya jirani epuka maboga na jamii yake mpaka upime, kwa sababu mizizi yake huvuta mabaki ya DDT kuliko mimea mingine mingi.

Na kama una kipande kama chetu, kilichokolea karibu na kisima, anza leo kwa kuacha kuoshea hapo. Chimba shimo upande wa mbali, chini ya mteremko wa kisima. Kile kipande kilishe mboji, kigeuze, kifunike kabla ya masika. Maji ya kisima yapimwe pamoja na udongo, na mpaka majibu yarudi, mwagilia kwa maji ya mahali pengine.